Mwani Uliofugwa Ukawa Mwekundu

Hapo zamani, si zamani sana, maana umeme ulikuwapo siku moja moja, kule Same paliishi Mama Navoneiwa, mfugaji wa mwani. Msicheke. Wenzake walifuga nyuki. Yeye alifuga mwani mdogo usioonekana kwa jicho, ndani ya mitungi mirefu ya kioo, yenye maji na mipira ya kupuliza hewa. Aliutaka uwe mwekundu apate rangi ya kuuza. Mwani ukabaki kijani mwaka mzima.

Akawaambia vibarua wake watatu: "Atakayenipatia wekundu, kazi ni yake, na ufunguo wa nyumba ya uani. Wengine kwaheri."

Kadeghe aliitaka nyumba ile kupita wote. Wanawe wawili walilala jikoni kwa wifi yake, na wifi aliwahesabia matonge. Basi akaulea mwani siku arobaini. Akaulisha mbolea, akausugulia vioo, akauita wanangu.

Siku ya arobaini na moja akaitwa msibani. Akamwachia kibarua mwenzake, Semvua, ndoo ya mbolea. "Kaka, asubuhi kikombe, jioni kikombe."

"Ondoa shaka, dada."

Semvua akaenda harusini. Akala pilau siku tatu. Mwani haukula kitu. Togolai, kibarua wa tatu, naye akachukua wavu wa kivuli uliofunika mitungi, akawafunikia vifaranga wake, mwewe wasiwabebe. Jua la Same likaingia lilivyotaka.

Kadeghe akarudi, akakuta ndoo haijaguswa, wavu haupo, na mitungi yote myekundu. "Masikini wanangu, njaa hiyo!" Akaulisha mtungi wa kwanza, akaufunika kanga. Baada ya wiki ukawa kijani tena.

"Kumbe ni njaa na jua!" akasema Mama Navoneiwa, ufunguo mkononi.

"Nimewalea mimi," akasema Kadeghe. "Bila mimi, nani angeona njaa?"

"Niliyewanyima ni mimi," akasema Semvua. "Kusahau siku tatu mfululizo si mchezo."

"Na jua?" akauliza Togolai. "Lilipitia kwangu."

"Haya," akasema Mama Navoneiwa. "Mwezi ujao, nani ataweza tena?"

"Kunyima naweza," akasema Semvua. "Kulea ndiko sijui."

"Wavu siurudishi," akasema Togolai. "Vifaranga wameuzoea."

Kadeghe akatazama mitungi, akawakumbuka wanawe kule jikoni, akalia. "Kulea nitalea, Mama. Kuwashindisha njaa siwezi."

Ufunguo ni mmoja, jamani. Mngekuwa ninyi, mngempa nani?