Goti la Koleta na Matumbo ya Wenzake

Dawa ya goti, liulize tumbo. Mmeisikia leo kwa yule mama wa zahanati, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mimi mjomba wenu goti na tumbo vilijuana wapi. Vilijuana kwetu, wapwa zangu. Hii si methali ya kuletwa na wageni. Ilizaliwa kwenye njia ya mama zetu, na ilianza hivi.

Kabla barabara haijapanda huku juu, mboga zote za upande wetu wa milima ya Uluguru zilishuka Morogoro mjini kwa vichwa vya wanawake. Kabeji, karoti na njegere zilipangwa kwenye tenga, tenga likakaa juu ya ngata ya nguo kichwani, na kichwa kikakaa juu ya shingo ambazo mimi sijaziona tena mahali pengine. Wanaume walikuwepo, nisiwasingizie, walilima. Lakini kushuka mteremko ule na tenga kichwani bila kulishika kwa mkono, hiyo ilikuwa kazi ya wanawake, na sisi, kama mjuavyo, ukoo wetu tunauhesabu kwa mama. Mkisikia mtu anajisifu kwamba ni wa mlimani, mwulizeni kwanza mama yake alibeba nini.

Wanawake wale walikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, mtangulizi wa msafara hatui mzigo mpaka afike kwenye jiwe la mapumziko, chini karibu na kijito. Mtangulizi alivaa ngata iliyosokotwa kwa kanga nyekundu, na akitua kabla ya jiwe humwachia mwingine ngata hiyo, asiishike tena maisha yake yote. Ya pili, cha njiani ni cha wote. Ukiwa na ndizi moja, inakatwa vipande. Hakuna aliyemeza peke yake mbele ya wenzake, hata karanga.

Katika miaka hiyo ngata nyekundu ilikuwa ya Koleta. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache na jicho la kumnyamazisha mbwa. Aliipokea ngata kutoka kwa mama yake mdogo, naye akaishika muda mrefu kuliko wote waliomtangulia. Akipita, watu walitoka nje kumtazama tu. Alilijua hilo, na lilimpendeza.

Lakini goti halijui heshima. Goti lake la kulia likaanza kulia kila anaposhuka, kwanza kwa sauti ndogo, baadaye kwa sauti aliyohofu kwamba wa nyuma yake wanaisikia. Asubuhi lilivimba. Koleta hakumwambia mtu. Alilikanda kwa maji ya moto akiwa amefunga mlango, kisha akatoka na kutembea kama askari wa gwaride. Mtangulizi anayechechemea, alijua, si mtangulizi wa muda mrefu.

Bernadeta, bintiye aliyeolewa Dar es Salaam, alipokuja kumwona ndipo alipoligundua goti hilo. Safari iliyofuata akamletea kopo la vidonge. Akamweleza kwamba hivyo si dawa ya hospitali hasa, ni virutubisho vya viungo. Wazee wengi mjini wanavimeza, na wapo wanaosema vimewasaidia.

"Viwili kwa siku, mama, tena baada ya kula," Bernadeta alisema. "Na ukiona tumbo linakusumbua, uache."

"Tumbo langu limekula mihogo michungu likanyamaza," Koleta akajibu. "Litasumbuliwa na hivi?"

Siku ya soko alfajiri, kabla ya kujitwika, Koleta akafungua kopo. Hakuwa mchoyo, na hata angekuwa mchoyo, desturi isingemruhusu. Aliwagawia wenzake wote, sawasawa, kama anavyogawa ndizi. Akawaambia ni chakula cha mifupa. Walimeza kwa maji ya kibuyu, tumbo tupu, wakacheka, wakasema sasa watashuka kama mbuzi.

Alipofika kwa Perpetua, mkono uliopokea ulisita. Perpetua ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa msafara. Moyo wake ulikuwa na kasoro tangu utotoni, kwa hiyo hakubeba mizigo mizito. Alibeba fungu la vitunguu vya majani na sauti yake, na sauti hiyo ndiyo iliyowashusha wote mlimani. Hospitali walimpa dawa ya kuzuia damu isigande, naye aliimeza kila siku.

"Dada Koleta, mimi nilikatazwa kuchanganya dawa bila kuwauliza," alisema taratibu.

"Nani kakupa dawa? Nimekuambia ni chakula. Au siku hizi umeanza kukataa cha njiani?"

Wenzake wakamtazama. Maneno hayo yalikuwa mazito kwenye njia ile. Kukataa cha njiani ni kama kusema huwaamini wenzako. Perpetua akameza.

Ikawa hivyo kila siku ya soko, na kopo lilipoisha Bernadeta alituma jingine. Koleta, kwa kuwa goti lilionekana kupoa kidogo, au kwa kuwa alitaka sana lipoe, akaongeza vidonge vyake na vya wenzake. Kama viwili vinasaidia, alisema, vinne vitasaidia zaidi.

Hapo matumbo yakaanza kusema. Mmoja akapata kiungulia cha kumfanya ale majivu ya mgomba. Mwingine tumbo lilimkata akaharisha. Kila baada ya kona mtu alichepuka porini, akirudi anasema alikuwa akitazama uyoga. Msimu ule hakukuwa na uyoga, na wote walijua, lakini nani angekuwa wa kwanza kusema kwamba tumbo la mwanamke wa mlimani limeshindwa na kidonge? Hata Koleta mwenyewe alishuka akiwa ameuma meno, na si kwa ajili ya goti. Ujeuri wetu ni mtamu, wapwa zangu, lakini una miiba.

Perpetua hakuharisha. Yeye alianza kuona alama nyeusi mikononi, kama za kupigwa, wala hakupigwa na mtu. Akipiga mswaki, fizi zinatoka damu. Akajifunika kanga mpaka viganjani, akaendelea kuimba.

Basi siku moja ya soko, wakiwa kwenye sehemu kali kuliko zote ya mteremko, jiwe la mapumziko likiwa bado mbali chini, wimbo ukakatika. Koleta alisubiri uendelee. Haukuendelea. Badala yake akasikia mtu analia nyuma, akageuka polepole na tenga lake kichwani. Perpetua alikuwa amekaa njiani, kanga imelowa damu kifuani. Damu ilikuwa ikimtoka puani, na kila alipojibana pua ilitafuta njia ya mdomoni.

Wenzake walisimama wakiwa wamejitwika, macho kwa Koleta. Mtangulizi asipotua, hakuna anayetua.

"Endeleeni," Perpetua alisema kwa shida. "Itakoma. Nitawakuta kwenye jiwe."

Koleta alimwangalia. Alifikiri juu ya mama yake mdogo na watu wanaotoka nje kumtazama akipita, akajua kwamba akiinama sasa hatatangulia tena mbele ya mtu. Kisha akapiga goti lile bovu, akashusha tenga chini.

"Tueni," alisema.

Hakuna aliyejua kama amesikia vizuri.

"Nimesema tueni. Kateni miti miwili mirefu. Leteni kanga."

Wakatengeneza machela. Matenga yakabaki njiani, na siku hiyo ngedere walikula karoti za sokoni mpaka wakashindwa kupanda miti. Koleta alishika mbele, bega moja kwenye mti, na ingawa wenzake walipokezana nyuma, yeye hakukubali kupokewa hata mara moja. Goti lilikuwa likilia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza hakujali nani analisikia.

Hospitalini mjini, daktari aliwauliza swali moja tu la maana. "Amekuwa akimeza nini zaidi ya dawa yetu?"

Perpetua mwenyewe akafumba macho, maana hakutaka kumtaja mtu. Koleta akafungua pindo la kanga, akatoa kopo, akaliweka mezani.

"Mimi ndiye niliyempa," alisema. "Alikataa, nikamwaibisha mbele ya watu."

Daktari alilitazama kopo, akawaeleza bila kuwakaripia. Vidonge hivyo vinaweza kumfaa mmoja na visimfae mwingine. Kwa wengi havina baya kubwa, labda kichefuchefu, kiungulia au kuharisha, hasa wakivimeza tumbo tupu au kwa wingi. Lakini kwa mtu anayemeza dawa ya kuzuia damu isigande, vinaweza kuizidishia nguvu dawa hiyo mpaka damu isikubali kukoma. Ndiyo sababu alikatazwa kuchanganya.

"Na nyinyi wengine, matumbo yenu yalikuwaje?" akauliza.

Walitazamana. Ndipo mmoja akasema habari za uyoga, na wote wakacheka wakilia, hata Koleta, aliyekuwa hajacheka mbele ya watu tangu ujana wake. Perpetua akatibiwa, damu ikakoma, na baada ya muda akarudi nyumbani kwake, amedhoofika lakini mzima.

Siku msafara ulipokusanyika tena, Koleta alikuja na ngata nyekundu mkononi. Akaiweka chini katikati yao. "Nilitua kabla ya jiwe," alisema. "Chagueni mwingine."

Hakuna aliyeiokota. Perpetua ndiye aliyesimama, akaichukua, akampelekea.

"Wewe hukutua, dada Koleta," alisema. "Ulibadili mzigo. Mimi ndiye niliyebebwa, najua."

Basi Koleta akaivaa tena, na nawaambieni, hakuna siku aliyoshuka mlima ule akiwa mrefu kama siku ile.

Hata hivyo goti lilibaki goti. Safari hii alikwenda nalo kwa daktari mchana kweupe, na kopo lake mkononi. Akamwambia maradhi yake yote, akamwonyesha dawa zake zote. Daktari hakumwahidi kwamba goti litapona. Alimwambia kwamba yeye anaweza kujaribu, viwili kwa siku, baada ya chakula, na tumbo likikataa aache. Tena apunguze mzigo, na ashike fimbo.

Siku ya soko iliyofuata, Koleta alikuja na fimbo na tenga dogo. Wakafika kwenye jiwe, wakatua, wakala mihogo yao pamoja. Kisha Koleta akatoa kopo, akamimina vidonge viwili kiganjani, na mbele ya wote akavimeza peke yake. Haikuwahi kutokea kwenye njia ile. 

Akafunga kopo, akawatazama mmoja mmoja.

"Ndizi ni ya wote," alisema. "Lakini hiki si cha njiani. Goti ni langu, na tumbo langu nimeliuliza kwanza. Mwenye goti lake na aende akaliulize tumbo lake."

Alijitwika, akashika fimbo, akatangulia. Nyuma yake Perpetua akaanzisha wimbo, akayatia maneno yale ndani yake papo hapo, na wanawake wote wakamwitikia mpaka mjini, sokoni watu wakasimama kuwasikiliza, wakayachukua, wakaenda nayo makwao:

Dawa ya goti, liulize tumbo.