Mgeni Aliyevuka Pazia la Bi Laini

Mnataka hadithi, na mihogo hii ataimenya nani? Shule niliishia darasa la pili, lakini kila jambo mnaniuliza mimi. Tena hii yenyewe ni ya aibu, ningekuwa na hiari ningeinyamazia. Ila mjukuu wangu Sikudhani ana mtoto mchanga mwenye ulimi mweupe, leo siku ya nne hanyonyi sawasawa, na kila anayeuliza anajibiwa, "Ni maziwa tu, shangazi." Maziwa! Haya, mpakate mwanao usikilize.

Zamani sana, mwili ulikuwa nyumba, na milango yake yote, mdomo na ile mingine tusiyoitaja mbele ya wakwe, ilitunzwa na mwanamke mmoja, Bi Laini. Ndiye ile ngozi ya ndani, nyororo, yenye unyevu. Kila kizingiti alikitandika mkeka mwororo kama ndani ya shavu. Siku hizo hakujua kuwashwa wala kuvimba.

Barazani kwake alikaa mgeni, Chachu. Kijitu cheupe, cha mviringo, kama punje ya mtama. Hakuwa na ubaya. Sharti lilikuwa lile lile mnalolijua: mgeni hukaa barazani, na pazia halivukwi bila hodi na karibu. Nyuma ya nyumba, penye mto wa damu, walikaa Walinzi. Bi Laini alipewa ngoma. Akiona jambo, aipige, nao waje.

Basi mwaka mmoja mwenye mwili akanywa dawa chungu, akainywa ovyo, ikawaua vidudu wema waliokuwa wakikaa baraza moja na Chachu na kumbana asijinyooshe. Chachu akajikuta peke yake. Akaanza kuota vidole, virefu na vyembamba kama mizizi ya maharage yaliyosahauliwa kwenye maji. Kimoja akakipitisha chini ya pazia.

"Chachu, huko ni chumbani," Bi Laini akasema.

"Ah, dada, nanyoosha miguu tu. Au nyumba hii siku hizi mgeni anapimiwa nafasi?"

Neno hilo lilimchoma. Yeye, mchoyo? Watu watasema nini? Ngoma akaifunika kwa kanga.

Kesho yake vidole vilikuwa kumi, keshokutwa havihesabiki. Ncha zake zilitoa maji makali yaliyotoboa mkeka tundu kwa tundu, na juu yake Chachu akatandaza weupe wake, matundu yasionekane. Walinzi wawili waliokuwa wakizunguka wakasimama.

"Bi Laini, mbona kizingiti cheupe?"

"Unga, wanangu. Nilikuwa nachekecha."

Mmoja akapafuta kwa kidole. "Unga ukifutwa unatoa damu?"

"Nendeni zenu! Mnanikodolea macho kama sijaoga!"

Wakaondoka. Ngoma haikulia, wangefanya nini? Sikudhani, usiinamishe kichwa, bado sijamaliza.

Mwenye mwili akashindwa kumeza hata uji. Vidole vya Chachu vikachimba mpaka ukingoni mwa mto wa damu, na vikitumbukia mle vingesafiri kila chumba, nyumba ingekufa. Hapo ndipo Bi Laini alipoifunua ngoma akaipiga kwa mikono miwili.

Walinzi walikuja kwa maelfu, wana moto, wana hasira ya kudanganywa. Wakamwaga moto wao, na moto hauulizi mkeka ni wa nani. Wakampiga Chachu, wakaupiga na mkeka. Kila mahali pakavimba, pakawa pekundu. Wengi wao walifia palepale. Chachu alikatwa vidole akarudishwa barazani, na ndiko aliko hadi leo, mviringo, kimya, anangoja udhoofike.

Mkubwa wa Walinzi akasimama mbele ya Bi Laini, aliyekuwa amejifunika uso kwa aibu.

"Yule ni mgeni, tabia zake tunazijua. Wewe ndiwe mwenye nyumba. Ngoma si ulikuwa nayo?"

"Niliona haya."

"Haya tunakuachia. Ngoma tunaichukua."

Toka siku ile Bi Laini hana ngoma, ngozi yake mwenyewe ndiyo ngoma. Kidole cha Chachu kikivuka pazia, huwaka, huwasha, huvimba, na Walinzi huja. Hawezi tena kusema ni unga, nawe Sikudhani usiseme tena ni maziwa. Na mahali pengine anapowashwa ni pale pasipokunwa mbele ya watu. Hayo ndiyo malipo yake: huketi mkekani kwenye harusi, anajipinda huku, anajipinda kule, na wanawake wote waliomzunguka wanajua.