Kwa Nini Watu wa Chaozhou Huosha Vikombe Mbele ya Mgeni

Kisa hiki alikisimulia kwanza bibi yetu mzaa baba, Siukheng, hapa Unguja, mwezi wa Februari mwaka 1957. Ilikuwa siku ya saba ya mwaka mpya wa kwao, siku ambayo watu wa Chaozhou hupika mboga saba katika chungu kimoja. Waliomsikiliza walikuwa watoto wake wanne. Mmoja alikuwa amemuuliza kwa nini anaosha vikombe ambavyo tayari ni safi. Nakiandika kama nilivyokipokea kwa baba, na pale ambapo bibi alisema hajui, nimepaacha vivyo hivyo.

Zamani, katika mji wa Chaozhou, chai haikutengenezwa mbele ya watu. Ilipikwa jikoni, ikamiminwa jikoni, na kila mtu akaletewa kikombe chake kikiwa kimejaa. Mgeni hakuuliza maji yamechemshiwa wapi wala nani ameyachemsha. Aliyeuliza alihesabiwa hana adabu. Mji wenyewe ulikuwa huu huu wa leo: mto wa Han, na juu yake daraja la mawe ambalo sehemu yake ya katikati ni mashua zilizofungwa pamoja, zikifunguliwa majahazi ya mizigo yanapotaka kupita. Kaskazini yake upo mlima wa Fenghuang, ambako miti mikongwe ya chai ina majina kama watu, na majani ya mti mmoja hayachanganywi na ya mwingine.

Ndani ya ukuta wa mji, katika kichochoro chembamba, aliishi muuza chai Mzee Kokseng na mkewe Bi Suathong. Mwana wao Bunhai alikuwa ameoa msichana wa mlimani, Ngekhua, na walikuwa na mtoto wa kike wa miezi minne. Mwaka huo Mzee Kokseng aliamua kwamba mtoto apelekwe kwa familia moja ng'ambo ya mto, alelewe huko mpaka awe mke wa mtoto wao wa kiume. Desturi hiyo ilikuwapo, na hakuna aliyeishangaa. Bi Suathong hakusema neno. Binti yake wa kwanza alivushwa daraja lile lile miaka ishirini na sita kabla ya hapo, na hakumwona tena. Ngekhua naye hakusema neno. Bibi alikuwa akiwaonya wanawe, kwa kauli ya baba, kwamba wanawake wawili wa nyumba moja wakinyamaza siku moja, mwenye nyumba na atazame jikoni.

Mtoto alikuwa avushwe siku ya kumi ya mwezi wa tisa. Siku ya nane, mchana, Mzee Kokseng alikula uji mweupe wa mchele, figili za chumvi, na kaa wabichi waliolowekwa kwa mchuzi wa soya, vitunguu saumu na pilipili. Huko kaa hawa huliwa bila kupitishwa motoni. Bi Suathong ndiye aliyewaloweka. Mzee alikula wanne peke yake, kwa kuwa wengine hawakuwapenda. Alasiri Ngekhua alimletea chai kutoka jikoni. Mzee alikunywa, akasema ni chungu, akamaliza. Jua halijatua alikuwa amekufa.

Baada ya mazishi alikuja mdogo wake marehemu, Pekheng, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Aliketi mezani pamoja na mjane, mwana na mke wa mwana.

"Kaka alisema chai ni chungu," alisema. "Nyote mlimsikia."

"Chai ya mlimani ni chungu, baba mdogo," alijibu Bunhai.

"Ni chungu kila siku. Mbona alilisema siku ile tu?"



"Na kaa je?" aliuliza Ngekhua polepole, bila kumwelekea mtu.

Bi Suathong aliinua uso. "Kaa nimewaloweka miaka thelathini, mtu wa mlimani wewe. Kama nilitaka ujane, ningechelewa hivi?"

Pekheng alicheka, kisha akakumbuka ni nyumba ya msiba, akajifanya anakohoa. Halafu akatoa hukumu. Kesho yake Ngekhua arudi mlimani kwa wazazi wake, peke yake. Mtoto ni wa nyumba ya mume, naye atavushwa daraja arubaini ikiisha, kama marehemu alivyoahidi.

Ngekhua hakulia. Aliomba jambo moja tu, awatengenezee chai kabla hajaondoka.

"Ninywe mimi?" alisema Pekheng. "Mimi nina wanangu wanaonitegemea."

"Nitaitengeneza hapa hapa, baba mdogo, mnaponiona."

Akaleta jiko la udongo lenye makaa, akaliweka kando ya meza. Akaleta birika la maji, buli dogo lisilozidi chungwa, na vikombe vitatu vidogo visivyo na alama. Kile kikombe cha kila mtu, kilichojulikana kwa rangi yake, alikiacha jikoni. Pekheng alinusa buli ndani na nje. Majani aliyachukua yeye mwenyewe kutoka dukani, katika mkebe ambao Ngekhua hakuwahi kuugusa. Maji yalipochemka, Ngekhua aliviosha vikombe mbele yao, akikizungusha kimoja ndani ya kingine, akayamwaga maji chini. Kisha akamimina chai. Hakujaza kikombe kimoja ndipo aende cha pili. Alizunguka, kidogo hapa, kidogo pale, kidogo kule, akarudi tena cha kwanza, mpaka tone la mwisho, hata pasiwepo kikombe kilichopata chai ambayo vingine havikupata. Akaondoa mikono yake mezani.

"Chagueni," alisema.

Walikuwa watu wanne na vikombe vitatu. Kila mmoja wa wale watatu alivuta chake na hakuna aliyekinyanyua. Bunhai, mume wake mwenyewe, alikitazama kikombe kama mtu anayetazama kisima asichokijua kina chake. Bibi alisema kuwa hilo Ngekhua hakulisahau maishani mwake. Mwishowe Bi Suathong alikisukuma chake mpaka mbele ya mkwewe.

"Anza wewe."

Ngekhua alikunywa chote. Akakiosha kikombe kwa maji ya moto wakiona, akaongeza maji katika buli, akamimina tena, akakirudisha kwa mama mkwe. Ndipo watatu wale walipokunywa. Wakawasha kijiti cha udi, wakakaa mpaka kikaisha. Hakuna aliyeumwa tumbo.

"Si mbaya," alisema Pekheng.

"Chai ya leo ni safi," alisema Bi Suathong. "Lakini mimi sikuuliza ya leo."

"Hata mimi, mama, sikuuliza kaa wa leo," alijibu Ngekhua.

Wanawake hao wawili walitazamana kwa muda mrefu. Bibi alipokuwa msichana aliwauliza wakubwa wake kila mmoja aliona nini usoni mwa mwenziwe, akaambiwa hakuna ajuaye. Kinachojulikana ni alichosema Bi Suathong baadaye.

"Shemeji, huyu haendi popote. Nikimwachia akapanda mlima, nani atanijibu? Atakaa hapa, na kila siku atatengeneza chai mbele ya macho yangu, mpaka nijue mume wangu aliuawa na nini."

"Na mtoto?"

"Mtoto atavuka nikishajua. Au wewe utakwenda kuwaambia wale watu wa ng'ambo kwamba unawaletea binti wa nyumba yenye sumu?"

Pekheng alikuwa ameitamka shaka hiyo kwa kinywa chake mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na pa kuikania. Familia ya ng'ambo ya mto ilipopata habari, haikungoja kuambiwa. Ilituma mtu kusema kwamba mvulana wao bado mdogo.

Bi Suathong hakujua siku hiyo, wala mwezi huo, wala mwaka uliofuata. Hakuna aliyemsikia akichunguza. Kila alasiri jiko liliwekwa kando ya meza, vikombe vitatu vikaoshwa mbele yake, chai ikazungushwa. Kikombe kilipofika mbele yake hakushukuru. Aligonga meza kwa vidole viwili, maana yake nimeona, akanywa. Ngekhua naye, kila kaa walipolowekwa, alisimama mlangoni mwa jikoni na kutazama mwanzo hadi mwisho, kisha hakula. Hivyo waliishi miaka kumi na tisa bila hata mmoja kumsadiki mwenziwe, na kwa miaka yote hiyo mtoto alikulia kati yao wawili, hadi akaolewa katika kichochoro kile kile.

Wageni walioingia nyumba ile hawakuambiwa lolote. Waliona chai inatengenezwa mbele yao kwa uangalifu mwingi, vikombe vinaoshwa kwa ajili yao, na mjane mwenye heshima zake anagonga meza kwa vidole. Walidhani ni ukarimu wa hali ya juu. Walirudi makwao wakaona haya kwa chai yao ya jikoni, wakanunua majiko.

Na tangu siku hiyo watu wa Chaozhou hutengeneza chai mezani na si jikoni. Huosha vikombe mbele ya mgeni hata kama vimetoka kuoshwa, huzungusha chai ili kikombe kisizidi kingine, na huweka vikombe vitatu hata wanywaji wakiwa saba. Anayepewa hugonga meza kwa vidole viwili, naye anayemimina hudhani ameshukuriwa.

Waliomo katika kisa hiki wamekufa wote. Mtoto yule alikufa mzee, na kwa hesabu ya bibi, kutoka kwake hadi kwa bibi ni vizazi saba, vyote kwa upande wa kike. Katika wale wanne waliokisikia mwaka 1957, baba yetu Kimseng alifariki mwaka 1994, na Shangazi Chuilan mwaka 2009. Ami Thiamhok alikwenda Hong Kong mwaka 1964, na barua zake zilikoma mwaka 1971. Sikumwandika hai wala marehemu. Shangazi Gekeng yu hai. Yuko mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Unguja, ana miaka themanini na miwili, na chai yake huitengeneza mwenyewe.