Upanga Uliofungwa kwa Kilemba

Wametuhadithia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na mji unaitwa Kitumbini, na amiri wa jeshi lake alikuwa mcha Mungu, Mshamu bin Feruzi. Ada ya mji ule, upanga wa vita hufungwa ndani ya ala kwa kilemba cha kadhi, na hakifunguliwi mpaka wazee wa baraza wakae na wakubaliane. Sultani aliapia hilo siku ya kutawazwa. Mshamu naye aliapa, mkono juu ya Msahafu.

Asubuhi moja sultani akamwita. Alikuwa amefura, maana mtawala wa mji jirani wa Mbweleni kaikataa zawadi yake, kamrudishia.

"Kata hicho kilemba. Adhuhuri jeshi liwe njiani."

"Maulana, na baraza?"

"Wale watanichelewesha na kahawa zao. Kata, au nikukate wewe."

Mshamu akaomba akatawadhe kwanza. Akatoka roho juu. Akasahau kama kaosha miguu, akaanza upya. Msaidizi wake, Tambwe, akamfuata kisimani.

"Amiri, mbona rangi imekutoka?"

"Nikikata, nimevunja kiapo, na watoto wa watu wanakufa kwa ajili ya zawadi. Nisipokata, mke wangu leo anaanza eda."

"Si umtoe sultani, ukae wewe kitini? Askari wetu wote wako nje. Mle ndani ana walinzi wawili tu, tena mmoja ana kikohozi."

 Kilichomtisha Mshamu ni kwamba moyo ulitamani kidogo.

"Astaghfirullah. Yeye anataka kuliruka baraza, na mimi niliruke? Nikishakaa pale, nani atanizuia, ndugu yangu?"

Akarudi ndani, Tambwe nyuma yake. Akauweka upanga miguuni pa sultani, kilemba bado kimefungwa, akavua joho la uamiri.

"Maulana, kwa hili siwezi kukutii. Na dhidi yako sitauchomoa. Shingo hii hapa."

Sultani akamgeukia Tambwe. "Uchukue wewe. Amiri ni wewe sasa."

Tambwe, yule yule wa kisimani, akatazama chini, akaficha mikono nyuma. Walinzi nao vivyo hivyo. Yule wa kikohozi alikibana mpaka machozi yakamtoka. Sultani akauokota mwenyewe, vidole vikagusa fundo la kilemba. Mshamu akafumba macho, akaleta shahada kimoyomoyo. Akangoja. Akaendelea kungoja.

"Waiteni wazee," sultani akasema.

Wazee wakakaa mpaka alasiri, wakaikataa vita. Mshamu hakurudishiwa joho, maana sultani hakuweza tena kumtazama usoni. Akaenda zake kulima muhogo, na kwa muda mrefu mlango ukigongwa tu alikuwa anashtuka.

Ndugu zangu, hebu tulitafakari hili. Duniani hakulipwa kitu. Ila jioni ile vijana wa miji miwili walikula kwa mama zao, wakagombania ukoko, na hakuna aliyejua amshukuru nani. Mola anamjua.