Ukoka wa Bi Mishi

Mnyime paka ukoka, atakula mrehani. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu akimwambia mumewe, mkacheka, mkidhani anamsema paka. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na ilianza kwa hasira.

Palikuwa na mjane jina lake Bi Mishi, na binti yake mmoja, Riziki. Chumbani mwake, chini ya dirisha, Bi Mishi alipanda mrehani kwenye makopo ya samli. Haukuwa mrehani wa kununua sokoni ule. Mama yake alimpa kitawi siku alipoolewa, na mama yake naye alipewa na mama yake, na kila bibi harusi wa ukoo ule alivikwa kikuba chake: mrehani, asumini na waridi, vikafungwa pamoja na kubandikwa kifuani vinukie. Sasa zamu ilikuwa ya Riziki. Posa imekubaliwa, harusi imekaribia, na mwari amewekwa ndani kama ilivyo ada, jua lisimpige wala macho ya watu yasimwone.

Bi Mishi alitaka harusi itakayosemwa. Ua wake ulikuwa wa mchanga, na ukoka umetambaa mpaka kando ya kisima. Akaita fundi. Ukoka ukang'olewa wote, ikamwagwa saruji, ua ukawa laini kama sinia. Majirani wakaja kuutazama.

"Mishi, hapa si uani tena, hapa ikulu," wakasema, na walipofika njiani wakabenuliana midomo. Walimvika kilemba cha ukoka, na huo ndio ukoka pekee uliobaki nyumbani mwake.

Haukupita muda, Sharubu akaanza. Sharubu alikuwa paka wa nyumba ile, mzee, mpole, hata samaki haibi. Sasa Bi Mishi akiamka anaukuta mrehani umekatwa vichwa, na paka amekaa pembeni anajilamba.

"Wewe paka una nini na mimi? Panya huwaoni, majani unayaona?"

Akanyunyizia maji ya pilipili. Paka akapiga chafya, akahamia kopo jingine. Akazungushia maganda ya machungwa, akachomeka na miiba ya mlimau; Sharubu akapita katikati ya miiba kama mtu aliyealikwa. Akayatundika makopo darini kwa kamba. Paka akaruka kutoka juu ya kabati, vikaja chini vyote pamoja, kopo, udongo na paka. Kila siku hasira ya Bi Mishi ikapanda, na kila siku mrehani ukapungua, mpaka likabaki kopo moja.

Wala hakuwa na hasira na paka peke yake. Riziki alikuwa na shoga yake, Sada, msichana wa nyumba ya pili, aliyekuwa akija alasiri wakasukana nywele na kucheka. Bi Mishi alimsimamisha mlangoni, akamwambia, "Bibi harusi haketi na wapiga soga. Rudi kwenu." Tangu siku hiyo Riziki hasemi, na sahani ya chakula inarudi ilivyokwenda. Kisha jioni moja, bila kuinua sauti, akasema, "Wakija kuniuliza kama nimeridhia, nitawaambia sikuridhia." Bi Mishi alisikia, akajitia hakusikia. Moyoni lakini neno lile lilimkaa kama mwiba wa samaki.

Asubuhi yake akamkuta Sharubu juu ya kopo la mwisho, jani mdomoni. Alikwenda jikoni akachukua gunia, akamshika paka kwa ngozi ya shingo, akamtumbukiza.

"Leo unavushwa mto. Ukale mikoko huko."

Riziki akatoka chumbani, kanga begani. "Mama, mwachie."

"Rudi ndani."

"Kitendawili."

Bi Mishi tangu utotoni hakupata kulisikia neno hilo asiitikie. Hasira ilikuwa imempanda, lakini jibu lilimtoka lenyewe. "Tega."

"Mgonjwa wangu hana mganga, dawa yake mwaikanyaga."

Bi Mishi akawaza, na gunia linampiga mateke mkononi. "Punda."

"Siye."

"Basi sijui, na sina nafasi."

"Nipe mji."

"Chukua Unguja."

"Unguja nitafikaje, na ukumbi huu siruhusiwi kuuvuka? Sitaki mji, mama. Nipe mlango. Mfungulie Sada."

"Toa jibu kwanza."

"Mgonjwa ni huyo uliyemtia guniani. Kila asubuhi alikuwa akitafuna ukoka pale kisimani, akatapika manyoya yake anayojilamba, tumbo likatulia, akalala. Mimi nimefungiwa, kazi yangu kuchungulia dirishani, nimemwona. Umeing'oa dawa yake, ukamwagia saruji, kisha unamwuliza ana nini na wewe. Ungemwachia kijani kidogo tu, mrehani wako asingeugusa."

Bi Mishi akamtazama mwanawe. "Unamsema paka, au unajisema?"

"Mimi nimetega kimoja, mama. Majibu mawili umeyaona wewe."

Bi Mishi akaliweka gunia chini, likafunguka lenyewe. Hakumtazama paka wala mtoto. Aliuchukua mtaimbo aliousahau fundi, akatoka uani, akaanza kuipiga saruji pale kando ya kisima. Hasira ilikuwa ile ile, ila sasa imegeuka njia.

Wifi yake, Bi Saumu, alikuja mbio kutoka nyumba ya nyuma. "Wifi, umepagawa? Kitu cha juzi hiki unakivunja?"

"Navunja ujinga wangu, wifi. Badala ya kusimama hapo kunihesabia, nenda kamwite Sada. Mwambie aje na ukoka wa kwao, wenye mizizi."

Sada akaja na kikapu kichwani. Ukoka ukapandikizwa pembeni mwa kisima, ukamwagiwa maji. Alasiri ile sahani ilirudi tupu, na kicheko cha wasichana wawili kikavuka pazia mpaka barazani. Sharubu naye alikula ukoka wake, akatapika katikati ya saruji mpya, akalala juani.

Kopo la mwisho likachipua. Kikuba cha Riziki kilikuwa kidogo, lakini kilinukia chumba kizima, na alipoulizwa kama ameridhia, alijibu mpaka waliokuwa nje wakasikia.

Siku ya harusi majirani wakajaa uani, na jambo la kwanza waliloliona ni lile tundu.

"Mishi," wakasema, "ua mzuri hivi, mbona umeutoboa?"

Bi Mishi alikuwa anapakua pilau. Hakuinua hata kichwa.

"Mnyime paka ukoka," akasema, "atakula mrehani."