Uji wa Mfalme Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Aliyelala?

Na aamke!

Aliye macho?

Na asogee!

Zamani, zamani sana, Mfalme Nyati alikwenda vitani kupigana na Fisi waliowanyang'anya watu wake kisima. Mpishi wake alikuwa Kanga, mdogo wa mwili, mkubwa wa maneno.

Jeshi lile lilikuwa na mila yake. Kila asubuhi Kanga humpelekea mfalme bakuli la uji hemani. Bakuli likitoka tupu, askari hupiga kelele, "Mfalme kala!" nao wakala. Likitoka na uji, basi kuna msiba.

Siku moja Nyati akarudi na jeraha ubavuni. Alfajiri akamwambia Kanga, "Mpishi wangu, mimi ndio naondoka. Kiti ni cha binti yangu, Mtamba. Msinitangaze mpaka afike." Akakata roho.

Kanga alilia, tena alilia kimyakimya. Akamtuma Mbayuwayu nyumbani akamwite Mtamba. Kwenda na kurudi, siku tatu! Na jemadari Ngiri akisikia, atakirukia kiti, jeshi litagawanyika, na Fisi watawamaliza wote.

Siku ya kwanza uji ukaiva. Nani aule? Kanga akaula mwenyewe, bakuli zima la nyati! Akala, akapumua, akala. Bakuli likatoka tupu.

"Mfalme kala!"

Ngiri akaja mlangoni. "Bi Kanga, nataka kumwona mfalme."

"Amelala, jemadari. Jeraha linamuuma."

Siku ya pili Kanga akala tena, manyoya yakamsimama. Bakuli likatoka tupu.

"Mfalme kala!"

Ngiri huyo tena. "Leo je?"

"Anaoga. Au unataka kumwona mfalme uchi?"

Siku ya tatu Ngiri akasema mbele ya askari wote, "Leo bakuli likitoka na uji, kiti changu!" Na Kanga, jamani, ameshiba mpaka shingoni! Hata tone haliingii. Kisha akamvuta Ngiri nyuma ya jiko, bakuli la uji mkononi, akamnong'oneza.

"Jemadari, mfalme hali yake mbaya, anatafuta mrithi. Amesema atakayemaliza uji wake ndiye mwenye tumbo la kifalme."

Ngiri hakuuliza mara mbili. Akatia pua, akatia meno, akaramba mpaka chini. Kanga akalinyakua bakuli, akapita nalo hemani, akatoka mbio.

"Mfalme kala! Mfalme kala!"

Ngiri kanaswa! Akisema mfalme hajala, ataulizwa nani kala, na uji uko puani mwake: mwizi wa chakula cha mfalme!

Adhuhuri vumbi likatimka. Mtamba huyo! Kanga akaruka juu ya hema. "Enyi askari! Mfalme wetu amefariki siku tatu sasa. Malkia wenu huyu hapa!"

"Na uji je?" akauliza Nyumbu. "Nani alikuwa anaula?"

"Mimi, siku mbili. Ya tatu muulizeni jemadari!"

Jeshi likalia na kucheka kwa pamoja. Mtamba akasema, "Baba tutamlilia tukishapata maji yetu. Twendeni!" Wakamfuata wakinguruma. Ngiri naye alipigana, uji umemkaukia usoni. Jua halijatua, Fisi hawaonekani, na kisima kimerudi kwa wenyewe. Wakamzika Nyati penye maji, na Mtamba akakalia kiti cha baba yake.

Wanangu, si kila msiba hutangazwa saa ileile. Kwanza tafuta wa kuubeba. Na mwenye uchu hujifunga kwa mdomo wake mwenyewe.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie mwenyewe.