Jani Linaloelea Ndooni

Rudisha hilo jani. Ndiyo, wewe Nshoma, hilo ulilolitoa ndooni kwa ncha za vidole kama umeokota mjusi. Si uchafu. Lisuuze, uliweke tena juu ya maji, halafu ukae hapa nilipo, maana bomba lenyewe leo linatoa maji kama uzi na mbele yetu kuna ndoo kumi na tisa. Habari za jani hilo nimeulizwa na wajukuu, na mwalimu mmoja mgeni, na bwana afya aliyeandika kitu kwenye daftari lake akaenda zake. Wote niliwaambia haya haya ninayokwambia wewe.

Zamani hapa Mwagimbu maji yalibebwa wazi. Mwanamke alijitwisha mtungi uliojaa, akafika nyumbani mtungi ukiwa nusu, na ile nusu nyingine ameivaa. Watu waliona ndivyo dunia ilivyo. Mposaji akija, kitu cha kwanza alichokitazama ni shingo ya binti, na akiikuta kavu alirudi kwao mbio kuwaambia wazee wasichelewe.

Siku hizo alikuwapo binti wa miaka kumi na mitano jina lake Minza. Bibi yake alipofariki alimwachia usinga wa mkia wa nyumbu, na pamoja na usinga huo mamlaka juu ya pepo wote wa kijiji. Sijui marehemu alifikiria nini. Minza aliwaendesha pepo kama mbuzi. Pepo wa moshi aliwatuma wafukuze ndege shambani, pepo wa upepo akawafanya wabembeleze mdogo wake, yeye mwenyewe amekaa anatafuna muwa. Kuamkia ilikuwa shida. Mzee akipita, wenzake wanapiga magoti, yeye anainua kidevu kidogo, basi, ameshaamkia. Mama yake alisema mpaka sauti ikakauka.

Sasa, mwaka mmoja chemchemi ya kule mwambani ikaacha kutoa maji. Haikukaushwa na jua. Ilikaliwa. Pepo mzee aitwaye Ndaki, mkubwa kama zizi la ndama, alikuwa akiishi kando ya chemchemi ile tangu kabla ya kijiji, na asubuhi moja alihamia juu ya tundu la maji, akalikalia kwa makalio yake yote, akanyamaza.

Mtemi Masalu akaita baraza. Maji yaliyobaki yalikuwa ya lambo la ng'ombe tu, upande wa pili wa kijiji, nayo yalikwisha kuwa mazito kama uji. Akamwambia Minza, "Mjukuu wangu, usinga unao wewe. Nakupa siku saba. Maji yasipotoka tunahama sote, na kaburi la bibi yako tutaliacha hapa peke yake."

Hapo ndipo kutafuna muwa kulipokwisha. Minza alimpenda bibi yake kuliko mtu yeyote, na kila jioni alikuwa akienda kufagia lile kaburi, ingawa hakutaka watu wamwone. Akashika usinga, akapanda mwambani, akamchapa Ndaki mgongoni na kumwambia, "Toka." Ndaki akajisogeza kidogo, kumbe anatafuta mkao mzuri zaidi. Alikwenda mara sita kwa siku tatu. Mara ya sita Ndaki alikuwa anakoroma.

Siku ya nne Minza alikwenda lamboni, akakaa kwenye tope, akalia. Alilia huku akiupiga usinga juu ya maji na kuita pepo yeyote mwenye nafasi. Maji yakatumbuka. Kikatoka kiumbe cha kimo cha mtoto wa miaka kumi, kina gamba la kobe mgongoni, mdomo kama wa bata, ngozi ya chura, na katikati ya utosi kina shimo kama kisahani, limejaa maji.

"Samahani sana kwa kuchelewa," kikasema.

Huyo alikuwa Kappa. Kwao ni Japani, ambako watu wa jamii yake huishi mitoni, na baadhi yao hutumwa kuwalinda vijana wenye mamlaka juu ya pepo. Maji yote ya dunia yana njia za chini kwa chini, naye alikuwa ametumwa kwa kijana wa kijiji jirani na mto wao. Ila kwenye njia panda moja alikata kushoto. Alipotoa kichwa na kuona ng'ombe wenye nundu alijua kapotea. Lakini alikuwa na adabu mno, akaona vibaya kumwambia binti anayelia kwamba hakuja kwa ajili yake. Akasema ndiye mlinzi wake, na kama kuna tango karibu angeshukuru.

Minza akamletea matango matatu, akamweleza shida. Kappa akafurahi, maana kitu alichokipenda baada ya tango kilikuwa mieleka, na hakuna aliyewahi kumwangusha. "Ila jambo moja," akasema. "Nguvu zangu zote zimo katika maji haya ya kichwani. Yakimwagika, mimi ni kitambaa. Na lazima yawe maji ya hapa hapa nilipotokea."

Minza akasema hilo dogo, twende. Hakujua anasema nini. Kati ya lambo na mwamba kuna kijiji, na kijiji chenyewe ni hiki hiki chetu.

Hata hawajafika nyumba ya tatu, akatokea Bi Nkwimba. Kila kizazi kina Bi Nkwimba wake, na wa sasa amesimama pale mbele yetu, usigeuke. Alikuwa hawezi kumpita mtu bila kumwamkia, na akikuamkia anataka habari za mama, za watoto, za ng'ombe mmoja mmoja. Akapiga magoti mbele ya mgeni. "Mwangaluka, baba. Mmeamkaje?"

Kule kwa kina Kappa ukiinamiwa unainama, na ukiinamiwa sana unainama zaidi. Kappa akainama mpaka mdomo ukagusa vumbi. Maji yote yakamwagika, naye akalala hapo hapo, miguu huku, gamba kule. Bi Nkwimba akasifu sana. Alisema tangu azaliwe hajaitikiwa vizuri vile.

Minza akambeba mgongoni mpaka lamboni, akamtia maji. Wakaanza upya. Safari hii waliamkiwa na wanawake wanne waliokuwa wanatwanga. Akambeba tena. "Kwa nini tusizunguke nyuma ya nyumba?" akauliza, jasho linamtoka.

"Mgeni anayepita nyuma ya nyumba bila kusalimu ni mwizi," Kappa akajibu kwa sauti ndogo akiwa mgongoni. "Mimi ni mlinzi wako. Siwezi kukutia aibu."

Siku ya tano Minza alimfunika utosi kwa kawa. Kappa akainama, kawa likaanguka, na maji nyuma yake. Siku ya sita akamfunga mwiko shingoni na mgongoni ili asiweze kupinda. Kappa akaamkiwa na mtoto wa miaka miwili, akashindwa kupinda, akaona si haki mtoto akose, basi akajiangusha mzima mzima kama gogo. Kijiji kizima sasa kilikuwa kimesikia kuna mgeni mwenye adabu isiyo na mfano, watu wakawa wanakuja toka vitongoji vya mbali kumwamkia tu. Walipanga foleni ndefu kuliko hii.

Usinga wa kuamuru pepo alikuwa nao, lakini wanadamu hauwaamuru. Asubuhi ya siku ya saba Minza alikaa lamboni na kulia tena, safari hii kwa hasira. Watu walikwisha kuanza kufunga mizigo. Nyumbani kwa mtemi, nyasi za paa zilikuwa zimeshateremshwa. Kappa naye akawa anasikitika. Akamwambia ukweli kwamba alipotea njia, na kwamba mlinzi halisi angeshamaliza kazi hii zamani.

Minza akafuta pua. "Mimi sijaletewa mwingine," akasema. "Niliyeletewa ni wewe."

Akachota maji kwa kibuyu kumjaza utosi. Pembeni palikuwa na mkuyu, na majani yake yalikuwa yakielea lamboni. Minza akaona kitu alichokiona maisha yake yote bila kukitazama: ng'ombe wanaingia majini, maji yanayumba kila mahali, lakini chini ya majani yametulia. Akachukua jani moja pana, akalilaza juu ya utosi wa Kappa, na kingo zake zikashika ukingo wa kile kisahani.

"Hebu nikuone," akasema. Kappa akainama kidogo. Halafu sana. Maji yakatikisika chini ya jani, yakarudi mahali pake.

Wakapita kijijini. Bi Nkwimba akaamkia, akaitikiwa. Watwangaji wakaamkia, wakaitikiwa. Foleni yote ikahudumiwa, mmoja mmoja, na jua lilikuwa utosini walipofika mwambani.

Ndaki alikuwa anawasubiri macho wazi. Pepo wa moshi ni wambea, walikwisha kumweleza siri ya yale maji. Kappa akamkaribisha mielekani. Ndaki akasema vyema, lakini watu wa heshima huamkiana kwanza. Akainuka, akainama. Kappa akainama. Tone halikudondoka. Ndaki akainama zaidi, na Kappa zaidi. Ndaki akashangaa, akainama mpaka paji la uso likagusa jiwe, na hapo ukasikika mlio kama wa kuni kavu zikivunjika. Mgongo uliokuwa umekaa siku nyingi bila kunyooshwa ulikuwa umeshika.

"Siwezi kuinuka," akasema Ndaki, uso chini.

Minza akachungulia lile tundu. Maji yalikuwa yameanza kuchuruzika, lakini huyo mzee alivyopinda angeanguka wakati wowote, na angeangukia pale pale. Kappa akasema mgongo anaweza kuutibu, kwao kuunga mifupa ndiyo kazi yao. "Lakini siwezi kumgusa mzee ambaye hajaamkiwa na mwenye shida," akasema. "Mwenye shida ni wewe."

Minza akauweka usinga chini, akapiga magoti juu ya jiwe. "Mwangaluka, babu," akasema.

Ndaki akaanza kulia, na pepo mkubwa hivyo akilia mwamba unatetemeka. Akasema tangu bibi yake Minza afariki hakuna aliyemwamkia. Bibi alikuwa kila asubuhi akifika anampigia magoti, anamuuliza usiku amelalaje. Sasa watu wanatumbukiza mitungi juu ya kichwa chake wanasengenyana, na mjukuu mwenyewe anakuja na fimbo. Alikalia maji ili walau mtu amuulize ana nini. Minza alikuja mara sita, hakuuliza.

Minza aliona aibu, tena aibu kubwa. Akamwambia hivyo hivyo. Halafu akamuuliza usiku amelalaje, naye Ndaki akamweleza, na ilichukua muda, maana ulikuwa usiku wa siku nyingi. Kappa akapanda juu yake, akaukanyaga mgongo mahali anapopajua, ukalia ko, Ndaki akanyooka. Akaenda kukaa pembeni, mahali pake pa zamani. Maji yakaruka juu kama kimo cha mtu.

Hakuna aliyehama. Mizigo ikafunguliwa, nyasi zikarudishwa juu ya paa. Na Kappa, kwa kuwa njia ya chini ya chemchemi sasa ilikuwa wazi, akasema anarudi kwao. Kuna kijana kule anamsubiri, na ameshachelewa siku nne. Kijiji chote kilikuja kumuaga. Kuaga kulianza asubuhi kukaisha alasiri, na jani halikutikisika.

Wa mwisho alikuwa Minza. Hakuinua kidevu. Alipiga magoti yote mawili, akainamisha kichwa mpaka chini, akakaa hivyo. Kappa akamrudishia. Aliinama kuliko alivyowahi kumwinamia mtu, akainama mpaka akaingia majini, na hakuinuka tena. Minza alipotazama aliliona jani la mkuyu peke yake linaelea juu ya chemchemi.

Akalichota pamoja na maji, kwenye mtungi wake. Angeweza kulitoa, lakini moyo ulikataa. Akajitwisha, akatembea mpaka nyumbani akilia, na alipotua mtungi mama yake aliona vitu viwili: mtungi umejaa mpaka shingoni, na shingo ya binti ni kavu.

Na tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa huku anayejitwisha maji bila kuweka jani juu yake, hata ndoo zilipokuwa za plastiki, hata maji yalipokuja kwa bomba. Watu husema ni ili yasimwagike, na ni kweli. Lakini mimi nikilaza langu huwa naongeza salamu kidogo, kimoyomoyo, kwa yule mgeni aliyepotea njia akaona haya kusema.

Haya, foleni imesogea. Beba ndoo yako. Na Bi Nkwimba anageuka, muamkie kabla hajakuwahi.